Sakafu inatoa vumbi, ukuta umechanika: kulisoma zege kabla hujampa mkandarasi kazi

Sakafu ya sebule yangu kule Luchelele ilianza kutoa vumbi mwezi wa pili tangu tuhamie. Unafagia asubuhi, jioni ukipitisha kiganja sakafuni kinatoka cheupe. Nilidhani ni vumbi la barabarani, nikawa nafunga madirisha mchana kutwa. Siku moja nikachukua msumari nikakwaruza pembeni mwa mlango, ukazama kama unakwaruza chaki. Mafundi watatu niliowaita walinipa majibu matatu. Wa kwanza alilaumu saruji, wa pili akalaumu mchanga, wa tatu akasema nipige niru, ule mpako mwembamba wa saruji, juu yake yaishe. Hakuna aliyeniuliza siku ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, lilitiwa maji kiasi gani, wala baada ya hapo lilimwagiliwa siku ngapi. Nami sikujua kwamba hayo ndiyo ya kuuliza.

Naandika kwa ajili ya mtu anayetaka kujenga au kukarabati hapa Mwanza na bado hajatoa hela ya kuanzia. Mwombe mkandarasi akuonyeshe nyumba mbili au tatu alizojenga, ziwe zimeshapitiwa na masika na kiangazi. Nyumba iliyopakwa rangi juzi haitakwambia kitu. Beba msumari, nyundo ndogo, kadi ya benki na simu yenye tochi, kisha uzunguke. Kila dalili nitakayoitaja hapa unaweza kuikuta kwenye nyumba hizo, na ukijua chanzo chake utajua huyo mtu anafanyaje kazi mwenye nyumba akiwa hayupo.

Zege lenyewe

Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Kokoto na mchanga ndio mwili, saruji na maji ndiyo gundi. Wengi wetu tunasema zege "limekauka", na neno hilo limeharibu nyumba nyingi. Zege linakomaa. Saruji inaungana na maji na kuwa kitu kipya kigumu, na kazi hiyo inaendelea kwa siku nyingi alimradi unyevu upo. Jua na upepo vikiunyonya unyevu mapema, kazi inakatika njiani. Na katika maji yanayotiwa siku ya kumwaga, saruji inaweza kuungana na maji yenye uzito wa kama robo ya uzito wake tu. Mengine tunayatia ili zege lilainike liweze kufanyiwa kazi, lakini yakija kutoka huacha vitundu ambavyo jicho halivioni. Kadiri maji yanavyozidi ndivyo vitundu vinavyoongezeka na zege linavyolegea. Karibu kila ugonjwa ulioko hapa chini unaanzia kwenye maji mengi kabla au maji haba baada.

Vipimo vyake havina uchawi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35, yaani ndoo mbili za lita 20 zisizojaa. Kwa zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), ambalo hutumika kwenye majamvi mengi ya nyumba za kawaida, mfuko mmoja unachukua ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto. Maji yawe lita 25, yasizidi 30. Mchanga ukiwa umenyeshewa, ndoo hizo 3 na nusu zinaweza kuwa zimebeba lita 5 za maji au zaidi, kwa hiyo unapunguza kwenye yale ya kutia. Nguzo, mikanda (boriti za zege) na slabu ya ghorofa zinataka zege lenye saruji zaidi, mara nyingi 1:1½:3, na hapo mchoro wa mhandisi ndio wenye amri. Ukimsikia fundi anahesabu kwa makoleo, mwambie apime kwa ndoo, kwa sababu koleo la saa mbili asubuhi halilingani na koleo la saa nane mchana mikono ikiwa imechoka.

Kuna hesabu moja ya kuiweka kichwani. Meta moja ya ujazo ya zege la 1:2:4 inakula mifuko 6 na nusu hivi. Chumba cha meta 4 kwa 4 chenye jamvi la sentimita 10 ni meta za ujazo 1.6, yaani mifuko 10 au 11. Siku ya kazi kusanya mifuko mitupu uihesabu mwenyewe. Ukiikuta 7, usihangaike tena kutafuta sababu ya sakafu kutoa vumbi.

Sakafu inatoa vumbi

Hii ndiyo iliyonipata mimi, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Dalili: ukifagia haliishi, kiganja kinatoka cheupe au kijivu, msumari unachimba kirahisi. Ukimwaga maji kidogo yananyonywa upesi kama yamemwagwa kwenye tofali la kuchoma.

Chanzo kikubwa ni maji mengi. Nakumbuka siku ya jamvi langu vizuri sana. Wachanganyaji walikuwa wamelitandaza zege juu ya bati, limekaa vizuri, limeshikana. Kijana wa koleo akalalamika kwamba ni zito. Fundi akavuta mpira akaongeza maji bila kupima. Nikauliza kama halitakuwa jepesi mno. Akanijibu kwa heshima (mayu ni mama kwa Kisukuma), "Mayu, hili likiwa gumu vijana watachoka, hatutamaliza leo." Nikanyamaza, maana sikuwa na la kujibu. Zege likawa linakimbia lenyewe kama uji, maji yakapanda juu na kutuama. Halafu, maji yakiwa bado yametuama, wakapitisha mwiko ili sakafu ing'ae, na penye ubwabwa (uji wa saruji) mwingi wakanyunyiza saruji kavu. Pale ndipo walipoiua. Mwiko uliyarudisha maji ndani ya tabaka la juu, na saruji kavu ikatengeneza ngozi nyembamba isiyoshikana na zege la chini yake.

Chanzo cha pili ni kutomwagilia. Hapa ziwani upepo wa mchana unatoka majini kuja nchi kavu, na ukikutana na jua la kiangazi jamvi linanyonywa unyevu ndani ya saa chache. Watu wanadhani kukaa karibu na ziwa kunaleta unyevu wa kutosha. Upepo ule ule unaokausha dagaa kwenye mchanga unakausha na zege lako.

Chanzo cha tatu ni mvua iliyolikuta zege bichi ikaosha saruji ya juu, ukabaki mchanga unaoonekana kama sandpepa.

Cha kufanya: vumbi likiwa jepesi, sakafu ioshwe vizuri, ipakwe dawa ya maji ya kugandishia sakafu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Likiwa zito kama langu, tabaka bovu linakwanguliwa lote mpaka kwenye zege gumu, vumbi linaondolewa, sakafu inaloweshwa, kisha unapigwa mchanganyiko mpya wa saruji na mchanga. Niru juu ya sakafu inayotoa vumbi itabanduka kama ganda la yai. Yule fundi wa tatu, kama ningemsikiliza, ningelipa mara mbili.

Swali la kumuuliza mkandarasi: "Maji unapima kwa nini?" Akikujibu kwamba anaona kwa macho, omba akuonyeshe. Wapo wazoefu wanaoweza kweli. Kuna kipimo rahisi cha eneo la kazi, koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300. Inajazwa zege kwa tabaka, inashindiliwa, inanyanyuliwa, kisha unapima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka milimita 50 hadi 100 kwa kazi nyingi za nyumba liko sawa. Likimwagika chini lote kama uji, lirudishwe.

Nyufa

Ufa usikutishe, na pia usiupuuze. La kwanza ni kuuliza ulianza lini, maana umri wa ufa ndio unaotaja chanzo chake.

Ukianza ndani ya saa chache siku ile ile ya kumwaga, zege likiwa bado laini, na nyufa zikiwa fupi fupi, zimelala upande mmoja au zimekatiza mshazari, ni jua na upepo. Juu kulinyauka kabla ya chini. Dawa yake ni kinga: mwaga asubuhi sana au jioni, lowesha msingi kwanza, na funika kwa nailoni au magunia yaliyolowa mara tu uso unapostahimili kuguswa. Nyufa za namna hii hazibomoi nyumba, ila kwenye slabu ya juu zinapitisha maji.

Nyufa zikifuata mistari ya nondo, unaona kabisa picha ya wavu juu ya slabu, zege lilikuwa na maji mengi na halikushindiliwa. Lilishuka pande zote mbili za nondo, nondo ikabaki imelibeba. Hizo ni mbaya zaidi kwa sababu zinapeleka unyevu moja kwa moja kwenye chuma.

Vinyufa vyembamba kama nywele, vilivyosambaa kama ramani, ni kazi ya mwiko uliopitishwa kupita kiasi na saruji kavu iliyonyunyizwa. Havipendezi, lakini unaweza kuishi navyo.

Sasa nyufa za ukutani. Hapa Mwanza tuna jambo letu ambalo mtu wa Dar es Salaam haliwazi sana. Mji huu umekaa juu ya mawe ya graniti. Ukijenga Isamilo, Igogo, Mabatini au Bugando, kiwanja kimoja kinaweza kuwa na jabali upande wa mlimani na kifusi upande wa bondeni. Fundi anaona jabali anafurahi, anakalisha nusu ya msingi juu yake, nusu nyingine anaijaza udongo wa kusawazisha. Jabali haliendi popote. Kifusi kinashuka mvua ya kwanza. Ufa unatokea pale pale vinapokutana, unaanza chini, unapanda mshazari, na juu ni mpana kuliko chini. Hata jabali lenyewe si la kuaminiwa bila kuchunguzwa, kwani mengi ya mawe yetu makubwa yamekaa tu juu ya udongo, hayajaungana na mwamba wa chini. Chimba pembeni yake uone linaishia wapi.

Ukishuka kwenye tambarare unakutana na mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao Wasukuma wanaulimia mpunga. Masika unavimba, kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia kwenye ufa wa ardhi. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi wa kawaida inapanda na kushuka kila mwaka. Dalili yake ni ufa wa ngazi ngazi unaofuata viungo vya tofali, unaanzia kwenye kona ya dirisha au mlango, unafunguka kiangazi na kujibana mvua zikinyesha. Milango nayo inakwama msimu mmoja na kulegea msimu mwingine. Hapo hata zege zuri namna gani haliokoi kitu, kwa sababu tatizo liko chini yake. Mbuga inachimbwa hadi kwenye tabaka gumu, au inaondolewa na kujazwa moramu (udongo wa changarawe) inayoshindiliwa kidogo kidogo, au mhandisi anabuni msingi wa namna nyingine. Kwenye luseni, udongo wetu wa kichanga wa miinuko, mambo ni mepesi zaidi. Waulize majirani kiwanja chako kilikuwa kinalimwa nini. Wakisema mpunga, tafuta mhandisi kabla ya fundi.

Ili kujua ufa bado unatembea, andika tarehe kwa penseli kwenye ncha zake mbili, kisha paka kibandiko chembamba cha jasi kikiuvuka. Kikikatika baada ya wiki chache, ufa uko hai. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8. Ikiingia kwenye ufa wa ukuta, na zaidi kwenye mkanda au nguzo, mwite mhandisi aje aone kwa macho yake. Usikubali ujazwe na kupakwa rangi kabla ya hapo.

Matundu kama sega la nyuki

Mulika tochi sehemu ya chini ya nguzo na chini ya mikanda, hasa kwenye nyumba ambayo bado haijapigwa lipu. Ukiona kokoto zimejitokeza bila ubwabwa, na matundu yanayopokea kidole, zege halikushindiliwa, au mbao za fomu, zinazolishikilia zege bichi, zilikuwa na mianya ubwabwa ukavujia nje, au kokoto zilikuwa kubwa zikakwama kwenye nondo. Zege likimwagwa kutoka juu sana nalo linajitenga, kokoto zinatangulia chini.

Matundu ya juu juu yanachongwa hadi kwenye zege zima, yanasafishwa, yanaloweshwa, na kuzibwa kwa mchanganyiko mzito wa saruji na mchanga. Ukiziona nondo ndani ya tundu, hiyo ni kazi ya mhandisi. Jambo ninalolichukia kuliko yote ni lipu kupigwa juu ya matundu siku fomu zinapotolewa, kabla mwenye nyumba hajafika. Weka kwenye mkataba kwamba fomu za nguzo na mikanda zinatolewa ukiwepo, na lipu haigusi zege hadi umeliona. Gonga kwa nyundo taratibu. Zege zima linalia kwa sauti kali, bovu linalia kama debe.

Na kuhusu kokoto: za kugonga kwa mkono, zinazopondwa na kina mama na familia nzima kwenye vilima vyetu, si mbaya kwa kuwa tu ni za mkono. Graniti nzima ni ngumu sana. Kagua mambo matatu tu. Zisizidi milimita 20 kwa slabu na nguzo, zisiwe na unga mwingi, na zisiwe za jiwe lililooza, lile la njano au jekundu linalovunjika kwa kubanwa vidoleni.

Mchanga unapimwa kwa chupa. Chukua chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, jaza mchanga hadi chini kidogo ya nusu, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa kwa nguvu, iache itulie saa 3. Mchanga unakaa chini, udongo laini unakaa juu yake kama tabaka la rangi tofauti. Tabaka hilo likizidi sehemu 1 kwa 12 ya kimo cha mchanga, urudishe au uoshwe. Mchanga wa ufukweni mwa ziwa hauna chumvi kama wa baharini, hilo ni jema kwetu, lakini mara nyingi una matope, mizizi na maganda ya konokono. Unaonekana mweupe na safi kwenye lori, chupa ndiyo inayosema kweli. Kumbuka pia kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, iwe ni kujenga au kuchimba.

Kutu na zege linalobanduka

Mstari wa kahawia chini ya slabu, au kipande kilichodondoka ukaona nondo imevaa kutu, maana yake chuma kilikuwa karibu mno na hewa. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani hadi linapasuka. Pwani chumvi ya bahari inaharakisha. Sisi wa maji baridi tumepewa nafuu hiyo, lakini nafuu hiyo haimwokoi aliyelaza nondo juu ya mbao.

Nondo inatakiwa ifunikwe na zege la milimita 20 hadi 25 kwenye slabu ya ndani, 40 kwenye nguzo, 50 kwenye msingi uliomwagwa juu ya zege la kusawazishia, na 75 ikiwa zege la msingi linagusana na udongo moja kwa moja. Kinachoshikilia nafasi hiyo ni vitofali vidogo vya saruji vinavyofungwa kwa waya chini ya nondo. Siku moja kabla ya kumwaga, inama uchungulie chini ya wavu. Usipoviona, zuia kazi. Mawe yaliyookotwa hapo hapo yanateleza, na vipande vya mti vinaoza vikaacha njia ya maji.

Slabu au kibaraza kinabonyea

Hapa sitazunguka: kosa hili linaua. Kibaraza kinachoning'inia nje bila nguzo kinavutwa upande wa juu, kwa hiyo nondo zake kuu zinakaa juu. Mafundi wengi wamezoea slabu ya kati ya kuta, ambayo nondo zake kuu ziko chini, wakahamishia mazoea hayo kwenye kibaraza. Wengine wanazifunga vizuri, kisha wabeba karai wanazikanyaga hadi zinashuka chini. Dalili ni ufa wa juu, unaofuata mstari wa ukuta pale kibaraza kinapoanzia. Ukiuona kwenye nyumba ya mtu, usisimame chini yake, na mwambie mwenyewe siku hiyo hiyo.

Chanzo kingine cha kubonyea ni mirunda kutolewa mapema. Mbao za pembeni za nguzo zinaweza kutoka baada ya siku 1 au 2, lakini mirunda iliyobeba slabu na mikanda ikae siku 14 hadi 21, na ya kibaraza cha kuning'inia ikae muda mrefu zaidi, kadiri mhandisi atakavyosema. Mirunda na mbao nyingi zinakodiwa kwa siku, kwa hiyo mkandarasi ana sababu ya kuziharakisha. Malipo ya siku hizo yaandikwe kwenye makadirio tangu mwanzo, yasije yakageuka kuwa ugomvi.

Unyevu unapanda sakafuni

Kwa walio karibu na maji, Luchelele, Sweya, Nyegezi, Kayenze, au bondeni ambako maji ya ardhini yako juu. Vigae vinabanduka, unga mweupe unatokea kwenye viungo, zulia linanuka. Bandika kipande cha nailoni cha nusu meta kwa nusu meta sakafuni, kizibe pande zote kwa utepe, kiache siku nzima. Matone yakiwa upande wa chini, maji yanapanda kutoka ardhini. Karibu kila mara nailoni haikutandikwa chini ya jamvi, au ilitandikwa juu ya mawe makali bila mchanga katikati ikatoboka. Kulitibu baadaye ni gharama na shida. Ione nailoni ikitandikwa, mapande yakipandana sentimita 30.

Zege haligandi

Saruji ya zamani au iliyolowa. Ingiza mkono mfukoni: madonge yanayovunjika kwa vidole yanavumilika kwa kazi ndogo, yasiyovunjika hayafai. Saruji iliyokaa stoo miezi 3 imeshapoteza nguvu, hata kama mfuko ni mzima. Tazama pia namba ya mfuko inayotaja nguvu ya saruji, 32.5 au 42.5, pamoja na alama ya TBS, Shirika la Viwango. Kwa lipu na kujengea tofali 32.5 inatosha. Kwa nguzo na slabu uliza mchoro unataka ipi. Zege lililokaa kwenye toroli wakati watu wakila chakula cha mchana, kisha likafufuliwa kwa maji, nalo ni la kumwaga nje. Saruji inaanza kushikana ndani ya saa 1 au 2, na jua letu linaiharakisha.

Kabla ya kusaini

Mkandarasi aliyesajiliwa ana cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, chenye daraja lake. Kwa majengo madaraja ni 7, la kwanza ndilo kubwa, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi. Omba namba ya usajili uihakiki bodi yenyewe, maana nakala ya cheti inaweza kuwa ya mtu mwingine. Kwa nyumba ndogo wengi tunatumia fundi wa mtaani, na wapo wazuri mno, lakini hata kwake andika: uwiano wa zege, saruji namba gani, nani anapima maji, nani anamwagilia na kwa siku ngapi. Hilo la mwisho linasahaulika kila mara. Siku 7 ni kiwango cha chini kabisa, na kwa saruji ya 32.5 mimi nataka 14. Kibali cha ujenzi kinatoka Halmashauri ya Jiji au Manispaa ya Ilemela, kulingana na kiwanja kilipo. Kwa ghorofa, zege lijazwe kwenye vibweta vya milimita 150 na kupelekwa maabara, vipimwe siku ya 7 na ya 28.

Lipa kwa hatua, na kila hatua iishie kwenye kitu unachoweza kukigonga kwa nyundo.

Nilipojenga kibaraza cha nyuma mwaka uliofuata, fundi mwingine, nilipima maji kwa ndoo niliyoichora mstari kwa rangi nyekundu. Magunia yalilowa asubuhi, mchana na jioni, zamu za watoto zikiwa zimebandikwa jikoni. Tarehe ya kutoa mirunda niliiandika kwa chaki ukutani. Siku ya 12 fundi alikuja na bajaji, ana kazi Kisesa, anaihitaji mirunda hiyo. Nikamwonyesha chaki. Akasimama, akaitazama slabu, akapitisha kiganja chini yake. "Sawa mayu," akasema, akaenda kukodi nyingine. Alirudi siku ya 22.